Milio mingi si popo wengi

Nimeletewa tena ripoti ya msitu uliorejeshwa, na ndani yake sentensi ileile: popo wameongezeka mara tatu. Ukiifuatilia hadi chanzo chake, unakuta kilichoongezeka ni mafaili yenye milio, yaliyorekodiwa na kinasa sauti kilichoachwa msituni. Popo hakuhesabiwa hata mmoja.

Kinasa sauti hakijui nani ni nani. Popo mmoja akipata wadudu karibu na maikrofoni atazunguka hapohapo na kuacha mamia ya rekodi. Kundi zima likipita moja kwa moja laweza kuacha chache. Kwa ndege mambo ni magumu zaidi: katika spishi nyingi dume asiye na jike huimba zaidi kuliko aliyekwisha kumpata. Alfajiri iliyojaa nyimbo yaweza kuwa ya madume waliokosa.

Lakini linaloniudhi hasa ni kulinganisha mwaka wa kwanza na wa kumi kana kwamba maikrofoni imekuwa ikisikia eneo lilelile. Haikusikia! Miti imekua. Majani na mashina hutawanya na kufyonza sauti, na hata katika hewa tupu mlio mwembamba zaidi, wa kilohezi 100, hufifia mapema kuliko wa kilohezi 25. Kwa hiyo kadiri urejeshaji unavyofanikiwa ndivyo duara la usikivu linavyosinyaa, tena kwa kila spishi kwa kiasi chake. Popo waweza kuongezeka huku rekodi zikipungua, na mfadhili akaambiwa kazi imeshindwa. Halafu wapo wanaowinda katikati ya majani kwa milio hafifu mno, kama popo wa jenasi Nycteris. Hao husikika wakiwa karibu sana tu.

Dawa iliyopo ni kupiga sauti inayojulikana nguvu yake kutoka umbali uliopimwa, katika kila hatua ya uoto, kisha kukadiria eneo linalosikika. Fanyeni hivyo. Hata hivyo hainiridhishi kabisa, maana spika hukaa ikielekea upande mmoja, ilhali popo hugeuza kichwa akiruka na mlio wake huelekea anakotazama.

Programu za utambuzi nazipita haraka: alama ya 0.9 kutoka BirdNET, programu inayotambua ndege kwa sauti, si uwezekano wa asilimia 90 kwamba jina ni sahihi. Sikiliza sampuli ya kila spishi, tazama spektrogramu, yaani picha ya sauti, ndipo uandike jina.

Na popo wala matunda? Wengi wao hawatumii mwangwi kujiongoza, kwa hiyo kinasa sauti cha milio myembamba hakiwaoni, ingawa ndio wanaobeba mbegu za msitu wenyewe. Ukimya wao kwenye jedwali haumaanishi chochote. Tegeni nyavu, au mkae chini ya miti inayozaa.

Rekodi zinaweza kubeba madai haya: spishi fulani, iliyothibitishwa kwa sikio na kwa jicho, ilisikika katika usiku kadhaa kati ya zote zilizorekodiwa. Mkiipata ile milio inayofuatana kwa kasi popo anapomkaribia mdudu, semeni pia kwamba anawinda hapo, hapiti tu. Kwangu hilo lina uzito kuliko mafaili elfu.