Tundu la sindano si filta ya ukungu

Jumamosi iliyopita tulikuwa ukumbini tukimsubiri bwana harusi aliyekwama kwenye foleni ya Mbagala. Nikamwonyesha mpiga picha mwenzangu kazi yangu moja ya tundu la sindano, yaani kamera ya kopo lenye kitundu badala ya lenzi na karatasi ya picha ndani. Akaiangalia, akairudisha: "Kaka, hii si ungepiga tu na simu halafu ukaweka filta ya ukungu?" Sijui ni mara ya ngapi naambiwa hivyo. Nilinyamaza kwa kuwa tulikuwa kazini. Hapa siko kazini.

Picha yenyewe ni ya Kunduchi, maji yamekupwa. Kamera ni kopo la maziwa ya unga lenye kipenyo cha sentimita 10, limelala mchangani. Mbele yake, kama nusu mita hivi, kuna gamba la chaza. Nyuma ya gamba kuna ngalawa, na nyuma ya ngalawa ni kisiwa cha Mbudya.

Filta ya ukungu huchukua picha ambayo lenzi imeshaamua kipi kiwe kikali na kipi kififie, kisha huivisha shela. Basi. Tundu halina fokasi. Halichagui. Gamba, ngalawa na kisiwa vimefifia kwa kiwango kimoja, na jicho, ambalo tumelizoesha miaka yote kwenda pale penye ukali, halijui likimbilie wapi. Linazunguka. Gamba la chaza linapata heshima sawa na kisiwa. Huo ndio mvuto kwangu mimi ninayekula kwa lenzi ya milimita 85 na mandhari yaliyoyeyushwa nyuma ya bibi harusi. Ukungu wenyewe ni gharama ninayolipa ili nipate usawa huo. Sijaununua kama bidhaa.

Wengi huandika kwamba kamera hii huona kila kitu sawasawa, karibu na mbali, halafu wanapita. Si kweli moja kwa moja. Lisogeze gamba lile hadi sentimita 10 kutoka kwenye tundu, doa la mwanga wake kwenye karatasi linakuwa karibu maradufu ya lile la kisiwa, na utaliona limelegea. Kwa nusu mita tofauti ni kama moja ya tano, na mimi siioni. Kwa hiyo pale pa kuliweka gamba ni uamuzi, na ulinichukua asubuhi nzima na karatasi nne.

Halafu kuna yule wa "toboa tundu dogo zaidi uone ukali". Ndugu yangu, mwanga ukipita kwenye upenyo finyu mno hutawanyika ukingoni. Kwa kopo langu tundu zuri ni kama milimita 0.45, yaani f/220: umbali wa tundu hadi karatasi ni kama mara 220 ya upana wa tundu. Toboa la 0.2 upate kamera yenye giza mara 5 na picha iliyofifia zaidi. Hesabu ni ya mwanafizikia Lord Rayleigh: kipeuo cha pili cha umbali wa tundu hadi karatasi mara urefu wa wimbi la mwanga, zidisha kwa 1.9. Nakiri, hiyo 1.9 si amri. Wengine huweka namba ndogo kuliko hiyo, nami nimejaribu 0.35 na 0.45 bega kwa bega nikashindwa kusema ipi ni ipi bila kugeuza karatasi nisome nilichoandika nyuma. Kilicholeta tofauti ni kingo za tundu. Kata kipande cha kopo la soda, gusa kwa ncha tu ya sindano, sugua mgongo kwa msasa laini, rudia. Kisha kiweke kwenye skana kwa 2400 dpi (pikseli 2400 kwa kila inchi) uhesabu pikseli; 0.45 ni kama 42. Tundu lenye manyoya ni hasara hata liwe na kipimo gani.

Muda? Karatasi yangu naihesabu ISO 6, yaani haina haraka ya kunasa mwanga. Jua la saa sita linatoa nusu dakika na kitu, ila karatasi huchoka ikingojeshwa, kwa hiyo naachia sekunde 45. Siku nyingine 45 hizo hizo zinaunguza karatasi, nikiisafisha nakuta weusi mtupu, na jedwali langu limefutwa na kuandikwa upya hadi halisomeki. Kwa muda mrefu hivyo, anayesogea haachi alama: pale soko la Feri mnadishaji wa samaki aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote hayumo kabisa kwenye picha. Aliyebaki ni mzee aliyesinzia juu ya kreti. Haya, nikiri tena: filta nyeusi ya ND, ile ya kupunguza mwanga ili uachie muda mrefu, kwenye lenzi ingemfuta mnadishaji vilevile. Muda si mali ya tundu peke yake. Anayekuambia vinginevyo anakuuzia kopo.

Wala si ugomvi mpya. Mwaka 1890 Mwingereza George Davison alipiga shamba la vitunguu kwa tundu badala ya lenzi, na waliopima picha kwa ukali wakamjia juu. Laiti simu zingekuwepo, wangemwambia aweke filta.

Kinachonishughulisha siku hizi ni kopo linaloachwa miezi 6. Karatasi haisafishwi, inaskaniwa ilivyo, na kila siku jua limechora mstari wake. Pale Bayfordbury, kituo cha kutazamia nyota cha University of Hertfordshire, kopo la bia lilisahaulika miaka 8 na likatoka na mistari 2,953. Ya kule ni matao yaliyolala. Yetu Dar, nyuzi 7 tu chini ya ikweta, elekeza kopo mashariki na mistari itapanda karibu wima, ikihama kutoka kaskazini kwenda kusini kati ya Juni na Desemba. Sijaiona bado kwa macho yangu. Kopo la kwanza nililifunga kwenye nguzo ya uzio tarehe 21 Juni mwaka jana, na kabla ya Agosti watu wa vyuma chakavu walishalipitia. La mwaka huu liko juu ya mnara wa simtanki.