Dawa ya Shambani si Dawa ya Bwawani

Malalamiko tunayoyapokea msimu huu, sisi tunaotoa vibali vya kutia dawa majini, yanafanana: magugu maji yamepuliziwa dawa, yamenyauka vizuri, na kabla wiki haijaisha samaki wanaelea. Mhusika hudhani dozi ilizidi. Mara nyingi samaki hao wamekufa kwa kukosa hewa. Magugu mengi yakifa kwa mpigo huoza pamoja, na vijidudu vinavyoyaozesha humaliza oksijeni ya majini. Nenda bwawani alfajiri, utawakuta samaki wamejazana juu, midomo wazi, wanatweta. Ndiyo maana kibali huruhusu theluthi moja hadi nusu ya eneo kwanza, kisha kusubiri siku 10 hadi 14. Huo si urasimu.

Fomu ya kibali inataka jina la gugu, jina la dawa na namba yake ya usajili, eneo, kina cha wastani, na mahali maji yanakotoka na yanakoelekea. Waombaji wengi huacha kina wazi, nasi tunairudisha fomu. Bwawa la hekta 1 lenye kina cha mita 2 lina mita za ujazo 20,000; ili kupata miligramu 1 kwa lita, zinahitajika kilo 20 za kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua gugu. Kina kikiwa mita 1, kilo hizohizo ni dozi maradufu. Ambatisha pia orodha ya wanaochota, wanaonywesha mifugo na wanaomwagilia kutoka maji hayo, na uthibitisho kwamba wamejulishwa. Mabango ya tahadhari yasiondolewe hadi muda ulioandikwa kwenye lebo uishe. Anayepulizia bila kibali husimamishwa kazi hiyo, hutakiwa kulipia upimaji wa maji, na jalada lake hupelekwa kwa waendesha mashtaka. Mwenye kibali aliyekiuka masharti hunyang'anywa kibali.

Tunaambiwa pia, tena na tena, kwamba dawa iliyosajiliwa kwa shamba inafaa popote. Haifai. Baadhi ya dawa za shambani za glaifoseti, kemikali ya kuua magugu, zina vilainishi (viungo vya kuifanya dawa ienee na kushika majani) vinavyodhuru samaki na viluwiluwi vya vyura kuliko glaifoseti yenyewe. Tena glaifoseti huingilia kwenye majani yaliyo juu ya maji. Ukiimwaga bwawani, gugu lililozama halitakufa.

Kwa mwani tahadhari ni kubwa zaidi. Mrututu (salfeti ya shaba) huua mwani upesi, lakini sainobakteria wenye sumu, yaani bakteria wanaoitwa pia mwani wa bluu-kijani, wakipasuka, sumu yao humwagika majini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm nchini Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu kuua mwani. Watu 148 waliugua, 138 kati yao wakiwa watoto. Maji, kwa macho, yanaweza kuonekana yametakata.

Kwa hiyo ukiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, chota sampuli kwa chupa safi ukiwa umevaa glavu, ihifadhi gizani penye ubaridi na uifikishe maabara siku hiyohiyo. Mfuko wa mrututu usifunguliwe hadi majibu yatoke.