Prosesa iliyoongezwa kasi si lazima ipozwe kwa maji

Kwenye magrupu unazunguka ujumbe ule ule: ukiongeza kasi ya prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta) kupita ile ya kiwandani bila kununua kipoozeo cha maji, itaungua. Si kweli. Maji hubeba joto tu; kulitoa nje bado ni kazi ya feni, na pampu nayo ina mvumo wake. Kipoozeo kikubwa cha hewa, chenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120 inayozunguka taratibu, hutulia kimya na mara nyingi ni nafuu. Kwa prosesa kubwa zilizosukumwa hadi mwisho, sawa, maji yana nafasi yake.

Wengi hudhani kila kipoozeo cha hewa ni kama kile kifeni kidogo kinachokuja na prosesa, kinacholia kama mashine ya kusaga. Basi ujumbe huo usiusambaze. Ipe kompyuta kazi nzito dakika 20, kisha usome nyuzi joto kwenye programu ya vipimo. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe, au kompyuta huzima.