Ukingo haukuvunjika, lakini lori lilipita juu yake

Wengi nikiwaambia kazi yangu ni kupima kingo za madaraja, zile kuta na reli za pembeni zinazozuia gari lisianguke, hudhani ninashinda kwenye kompyuta. Hesabu zipo, tena nyingi. Lakini mwisho wake tunachukua gari zima, tunalivuta mpaka lishike mwendo, kisha tunaliachia likaugonge ukingo.

Ndani hamna dereva. Gari huvutwa kwa waya wa chuma unaopita kwenye puli hadi gari jingine, na gurudumu lake la mbele huongozwa na waya wa pili uliotandazwa chini. Likibakiza hatua chache kufika, waya zote huachia. Kuanzia hapo hakuna anayeshika usukani wala breki, kwa sababu tunataka kuona gari lenyewe litaelekea wapi.

Marekani hufuata mwongozo uitwao MASH, uliotoka 2009 na kurekebishwa 2016. Katika kiwango cha tatu cha majaribio ukingo hugongwa na gari dogo la kilo 1,100, kisha pikapu ya kilo 2,270, yote kwa kilomita 100 kwa saa na pembe ya nyuzi 25. Kiwango cha nne kinaongeza lori la kilo 10,000, kilomita 90 kwa saa, nyuzi 15.

Usiidharau hiyo pembe ndogo. Tukihesabu ile sehemu ya mwendo inayousukuma ukingo tu, pikapu inakuja na nishati ya kilojuli 156 hivi, na lori 209. Kwenye kanuni za 1993 lori la kiwango hichohicho lilikuwa na kilo 8,000 na mwendo wa kilomita 80, yaani kilojuli 132. Tani mbili na kilomita kumi zimeongeza kishindo kwa zaidi ya nusu!

Sasa kuna ukingo wa zege ambao madereva wengi duniani wanaujua kwa sura, ule wenye tako pana, aina ya New Jersey. Wenye kimo cha milimita 813 ulikuwa umefaulu kwa lori la kanuni za zamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska walipougonga kwa lori la kanuni mpya, zege lilisimama imara, lakini lori likapinduka juu yake. Nguvu haikuwa tatizo. Kitovu cha uzito wa shehena ya lori hilo kiko kama milimita 1,600 kutoka barabarani. Ukingo mfupi hulizuia chini huku juu kukiendelea na safari, kama mtu anayekimbia akakutana na ukuta wa kumfika magotini. Majaribio ya Texas baadaye yalionyesha kwamba milimita 914 zinatosha. Sentimita kumi tu! Ndiyo maana nikiona barabara imewekwa lami mpya juu ya lami ya zamani darajani, na ukingo umebaki palepale, moyo hunienda mbio. Kila tabaka linakula kimo.

Kwa lori la tanki hata kimo hicho ni kidogo. Tarehe 11 Mei 1976, mjini Houston, lori la amonia liligonga ukingo wa barabara ya juu, likaanguka kwenye barabara kuu iliyo chini, na wingu la sumu likawafikia watu waliokuwa kwenye magari yao. Miaka iliyofuata Texas ilijaribu ukingo wa kuzuia tanki wenye kimo cha zaidi ya mita 2.

Gari dogo lina shida zake. Kwenye kingo za chuma, pua yake huweza kupenya kati ya reli na kunasa kwenye nguzo. Ukingo unakuwa umelizuia gari, ila aliyemo ndani ameumia. Kwa hiyo tunapima pia kasi ambayo abiria angejigonga nayo ndani ya gari, isizidi mita 12.2 kwa sekunde, na paa lisibonyee zaidi ya milimita 100 hivi.

Vumbi likitulia, wenzangu hukimbilia gari. Mimi huzunguka nyuma ya ukingo, napiga goti, namulika tochi chini ya sakafu ya daraja, pale nondo za ukingo zinapozama kwenye zege. Ukingo uliomeguka utajengwa upya kwa siku chache. Sakafu ikipasuka, daraja zima linafungwa, kwa hiyo tunazipanga nondo ili ukingo ushindwe kabla ya sakafu. Kila ufa ninaouona naufuata kwa kalamu ya rangi mpaka unapoishia, halafu naandika urefu wake pembeni.