Dishi ya matundu haivujishi sigino, wacheni kuziba

Hii ya matundu imenichosha. Toka Ahero mpaka Kakamega, mtu akiona dishi ya waya swali ni lile lile: "Fundi, si sigino inapitia hapo?" Majuzi nimeitwa kwa mzee mmoja Ahero, dishi ya futi nane, nakuta kijana wake ameziba matundu yote na foili ya jikoni na juu akapiga rangi ya geti, halafu naulizwa mbona chaneli zimepotea.

Sasa sikieni. C-band, yaani masafa ya hizi dishi kubwa, kwa GHz 4 wimbi moja lina urefu wa sentimita 7.5. Tundu la milimita 4 au 5 wimbi hilo halilioni kabisa, linagonga linarudi. Kinachoua sigino ni umbo. Dishi ikipinda milimita 4 hivi kwa C-band, ama moja na kidogo tu kwa Ku, yale masafa ya juu zaidi ya dishi ndogo, mawimbi yanafika kwa LNB, kile kichwa cha kupokea mbele ya dishi, yakiwa yamepishana, yanaanza kumalizana yenyewe. Na huyo kijana alikuwa amepiga magoti ndani ya dishi akibandika! Nikafunga nyuzi mbili toka ukingo hadi ukingo zipitane katikati, dishi iliyonyooka zinagusana, yake zimeachana kidole kizima. Tena ukishaziba, upepo wa ziwa ukianza alasiri dishi inaushika wote kama tanga.

Kama mnaona fundi wa Kisumu anawadanganya basi angalieni huko juu. Dishi ya Thuraya, satelaiti ya simu, ni mita 12.25, na ni neti tu, waya mwembamba wa molibdenamu uliopakwa dhahabu. Ya SkyTerra 1, satelaiti nyingine ya simu iliyorushwa 2010, ni mita 22. Pua ya roketi inayobeba satelaiti ina upana wa mita 4 ama 5, utakunja bati mara ngapi liingie humo na likifunguka liwe na umbo lile lile?

Ati satelaiti ina dishi kubwa ndio ipige kelele zaidi? Hapana, simu yako ndio haina nguvu, iko kilomita 36,000 chini, lazima wa juu awe na sikio kubwa.

Na ile ya ati dishi ikikwama kufunguka huko angani wanatuma fundi... nani huyo? Galileo, chombo cha NASA kilichotumwa Jupita, iligoma kufungua antena yake ya mita 4.8 mwaka 1991, wakaigeuza kwa jua, wakaigeuza kivulini, wakatingisha mota, wapi. Kazi yote ya Jupita ikafanywa na kaantena kadogo.

Wengine wanasema haya mambo ni mapya. Satelaiti ya NASA iitwayo ATS-6 ilienda 1974 na dishi ya mita 9, mwaka uliofuata ikahamishwa longitudo 35 mashariki, yaani juu ya ikweta hapa karibu na Nandi, ikirushia vijiji vya India TV, na wanakijiji waliishika na dishi za mita 3 za waya ya kuku. Ilikuwa MHz 860, wimbi sentimita 35, kwa hivyo ilikubali. Kwa Ku usijaribu, nisiitwe tena.