Vitenzi vya Kiingereza vinavyochanganywa: dhana potofu na ukweli

Wanafunzi wengi wa Kiingereza huambiwa waisahau lugha yao wanapoingia darasani, kwa madai kwamba Kiswahili ndicho kinachowafanya wachanganye vitenzi. Dhana hiyo ina madhara, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti zinazowasumbua tayari wanazijua kwa Kiswahili.

Tuanze na "lie" na "lay", jozi inayodhaniwa kuwa ni suala la kukariri tu. Ukweli ni kwamba "lie" ni kulala na hakihitaji yambwa, yaani kile kinachotendewa, ilhali "lay" ni kulaza, nacho hakikamiliki mpaka kitajwe kile kinacholazwa. Uhusiano huo ndio ulio kati ya "rise" na "raise", "sit" na "set", na hata "fall" na "fell" chenye maana ya kuangusha mti. Jozi hizi ni masalia ya unyambuaji wa kale wa kusababisha, ambao Kiingereza hakiutumii tena kuunda vitenzi vipya, ilhali sisi tunautumia kila siku tunaposema lala na laza, anguka na angusha. Mtego halisi uko katika wakati uliopita, kwa kuwa "lie" hubadilika na kuwa "lay", kisha "lain", ilhali "lay" huwa "laid". Kwa hiyo "she lay on the bed" ni sentensi sahihi ya jana, na "she laid on the bed", ingawa husikika hata kwa wenye lugha, huhesabiwa kuwa kosa katika maandishi rasmi. "Lie" cha kudanganya ni kitenzi kingine kabisa, na wakati wake uliopita ni "lied".

Wapo pia wanaoamini kwamba "say" na "tell" hubadilishana nafasi bila tatizo. Havibadilishani. "Tell" kwa kawaida humtaka anayeambiwa atajwe, kama vile tusivyosema "aliambia kwamba" bali "aliniambia kwamba". Hivyo ni "he told me that" au "he said that". "He said me" haikubaliki, na hata kwetu "alinisema" si "aliniambia", bali ni kukaripiwa au kusengenywa. Misemo michache, kama "tell the truth" na "tell a story", humruhusu msikilizaji asitajwe.

Kiswahili hutupotosha kweli katika "borrow" na "lend", maana kuazima hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, na ndiyo asili ya kosa la "borrow me your pen". Hapo afadhali kufikiria kukopa na kukopesha, vitenzi visivyoacha shaka.

Kuhusu "make" na "do", kanuni ya kwamba kimoja ni kutengeneza na kingine ni kufanya huvunjika mapema, kwani husemwa "make a mistake" na "do business". Hapa kweli kukariri misemo mizima hakuepukiki.

Hatimaye, "listen" si "hear" yenye adabu zaidi. "Hear" ni kusikia, hata bila kukusudia. "Listen" ni kusikiliza. Kwa kuwa "ninakusikia" ina kiambishi -na-, wengi huitafsiri "I am hearing you", ilhali Kiingereza husema "I hear you", na umbo la "-ing" hukaa vizuri katika "I am listening".