Duka halikukuuzia bastola, lakini linakudai kodi

"Risiti hainisumbui, dada. Anayenisumbua ni huyu mtu wa duka."

Mzee mmoja aliniambia hivyo katika ukumbi mdogo wa maktaba mjini Kent, kusini mwa Seattle, tulipomaliza kikao cha elimu ya kodi kwa wanaozungumza Kiswahili. Alikuwa ameagiza bastola mtandaoni kwa muuzaji wa Arizona. Ikaletwa kwenye duka la silaha lililo karibu na kwake, akajaza fomu, akasubiri zile siku 10 za kazi ambazo sheria ya jimbo inazidai tangu Januari 2024. Siku ya kuichukua akaambiwa alipe ada ya duka, hilo hakuwa na neno nalo, halafu aongeze asilimia 10 na ushee ya bei ambayo alikwisha kumlipa mtu wa Arizona. "Huyu hakuniuzia kitu. Kodi ya nini?"

Swali hili limetujia mara nyingi mno siku hizi, na mara nyingine linakuja na maneno makali: duka linaiba, duka limebuni kodi yake, duka linatoza ushuru wa forodha. Naomba tuelewane. Ninayoyaandika hapa yanahusu jimbo la Washington, hili la Seattle na Spokane. Aliye Oregon au Texas asiyachukue kama yalivyo, kwa sababu kila jimbo lina sheria zake za kodi. Na haya ni maelezo ya jumla. Shauri lako mahususi lipeleke kwa maandishi Idara ya Mapato ya jimbo, nawe ujibiwe kwa maandishi.

Waliolelewa Dar es Salaam au Nairobi wamezoea bei ya rafuni iliyokwisha kubeba kodi ya ongezeko la thamani ndani yake. Huku kodi ya mauzo inaongezwa pale pale kwenye kaunta: asilimia 6.5 ya jimbo, na juu yake sehemu ya mji au kaunti. Kodi hiyo ina pacha wake, kodi ya matumizi, na wote wawili wapo tangu 1935. Kiwango ni kile kile. Kodi ya mauzo inalipwa muuzaji anapokutoza. Asipokutoza, na wewe ukakitumia kile kitu ndani ya jimbo, deni linabaki kwako kwa jina la kodi ya matumizi. Haijali kama ulichonunua ni kochi, kamera au bunduki.

Sasa kwa nini kochi lililoagizwa nje ya jimbo lisisimamishwe njiani, na bastola isimame dukani? Kwa sababu ya sheria ya shirikisho ya 1968 ya udhibiti wa silaha. Muuzaji wa jimbo jingine haruhusiwi kukuletea bastola mlangoni. Lazima aipeleke kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho katika jimbo unaloishi, naye ndiye anayekuhakiki na kukukabidhi. Kwa hiyo duka la mtaani kwako liko katikati ya shughuli hii kisheria, upende usipende, na sheria ya kodi ya Washington inalitazama hivyo hivyo. Muuzaji wa nje kama hakutoza kodi ya Washington, anayekukabidhi silaha anapaswa kuikusanya kodi ya matumizi na kuiwasilisha. Asipoikusanya, anadaiwa yeye. Ndiyo maana yule kijana wa kaunta hana mamlaka ya kukusamehe, hata mkiwa mnasali pamoja.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Tuseme bastola ni dola 600, na muuzaji wa nje amekutoza dola 25 za kusafirisha. Gharama ya usafiri anayotoza muuzaji huingia kwenye bei inayokatwa kodi, jambo ambalo wengi hawalijui na hulikasirikia. Kwa hiyo tunaanza na dola 625. Kiwango cha eneo kikiwa asilimia 10, utalipa dola 62.50. Ada ambayo duka linatoza kwa kazi ya kuhamisha umiliki inakwenda kwa duka, nayo iandikwe mstari wake. Ukiona vyote viwili vimefungwa pamoja kwenye tarakimu moja, omba vitenganishwe. Hapo una haki kabisa ya kulalamika.

Jambo linalochanganya watu kuliko yote ni bunduki ya mtu na mtu. Tangu wapiga kura walipopitisha Mpango wa 594 mwaka 2014, karibu kila mauziano ya silaha kati ya watu binafsi yanapitia kwa muuzaji mwenye leseni ili mnunuzi ahakikiwe. Watu wakahitimisha: kama ya mtandaoni inatozwa kodi dukani, basi na ile niliyouziwa na jirani itatozwa. Hapana. Mpango ule ule uliweka msamaha: silaha inayohama kati ya watu wawili wasio na leseni, masharti ya uhakiki yakiwa yametimizwa, haina kodi ya mauzo wala kodi ya matumizi, na duka lililosaidia uhakiki halina wajibu wa kuikusanya. Jirani akikuuzia bunduki yake ya kuwindia kwa dola 400, mkaenda dukani wote wawili, utalipa ada ya duka, bila kodi ya bunduki hiyo.

Neno la kushika hapo ni leseni. Msamaha hauulizi kama silaha ni mpya au imetumika, wala kama mlijuana mtandaoni au kanisani. Unauliza kama aliyeuza ana leseni ya biashara ya silaha. Duka la Idaho likikuuzia bastola iliyotumika, kuukuu kwake hakuiondolei kodi. Nasema hivi kwa sababu nimekwisha onyeshwa, zaidi ya mara moja, picha ya kitako kilichokwaruzika kama ushahidi wa msamaha. Mikwaruzo haimo kwenye sheria.

Dhana nyingine ni ya Oregon. Kule hakuna kodi ya mauzo, na wanaoishi Vancouver ya Washington, ng'ambo ya mto Columbia, wamezoea kuvuka kwenda Portland kununua vitu. Wanaamini kwamba kilichonunuliwa pasipo kodi hakina kodi milele. Hakiwi hivyo. Kilichonunuliwa Oregon kikija kutumika Washington kinadaiwa kodi ya matumizi, na kwa bastola huna pa kupenya, kwa kuwa inapita mikononi mwa duka la huku. Kama kweli ulitozwa kodi halali na jimbo jingine, kiasi hicho hupunguzwa kwenye deni lako la huku. Leta uthibitisho. Maneno ya mdomo hayapunguzi kitu.

Nao wenye maduka, kwa kuwa baadhi yao husoma hapa. Kodi mnayokusanya si mauzo yenu. Sheria inasema mmeishika kama amana ya jimbo, na anayeila kwa makusudi anatenda kosa la jinai, licha ya kudaiwa yeye binafsi. Mnaowasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, kila mwezi, mwisho ni tarehe 25 ya mwezi unaofuata. Wa kila robo mwaka, ni siku ya mwisho ya mwezi unaofuata robo hiyo. Wa mara moja kwa mwaka, Aprili 15. Ukichelewa, adhabu ya kwanza ni asilimia 9 ya kodi. Ukivuka siku ya mwisho ya mwezi unaofuata tarehe ya malipo, inakuwa asilimia 19. Ukivuka na mwezi wa pili, asilimia 29. Kwa silaha kumi za mfano wetu wa juu, yaani kodi ya dola 625, hiyo ni dola 56.25, kisha 118.75, kisha 181.25. Na riba inahesabiwa kando. Ukaguzi ukikuta kwamba ulipewa maelekezo ya maandishi ukayapuuza, inaongezwa asilimia 10. Ukikuta ulikwepa kodi kwa kukusudia, asilimia 50. Kumbukumbu zitunzwe miaka mitano: ankara ya muuzaji wa nje, uthibitisho wa kodi iliyokwisha lipwa, na kwa mauziano ya watu binafsi, kitu kinachoonyesha kwamba aliyeuza hana leseni. Mkaguzi hataamini kumbukumbu ya kichwa chako.

Wakazi wa Seattle waelewe pia kwamba mji una tozo yake, iliyoanza Januari 2016: dola 25 kwa kila silaha inayouzwa rejareja ndani ya mji, na senti 2 au 5 kwa kila risasi kulingana na ukubwa wake. Ilipingwa mahakamani, na Mahakama Kuu ya jimbo ikaiunga mkono mwaka 2017. Hiyo ni ya mji, na haina uhusiano na kodi ninayoieleza.

Ukweli wa upande wa pili ni kwamba maduka nayo hukosea, na hukosea zaidi kwenye manunuzi ya mtandaoni. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa Juni 2018 katika shauri la South Dakota na Wayfair, jimbo linaweza kumdai kodi muuzaji asiye na hata kibanda ndani ya mipaka yake. Washington inamtaka kila anayepata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kutokana na wateja wa hapa aikusanye, na masoko ya mtandaoni yanakusanya kwa niaba ya wauzaji wao. Kwa hiyo silaha nyingi zinafika dukani kodi yake ikiwa imekwisha lipwa. Ikiwa imelipwa, duka halina la kutoza tena. Lakini duka haliwezi kuliona hilo kwenye sanduku. Linaliona kwenye ankara, na ankara unayo wewe.

Nikamwomba mzee aitoe ankara yake. Aliitoa mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na bei na usafiri, hakuna kodi, na huo ndio ukurasa aliouonyesha dukani. Nikamuuliza kama kuna mwingine. Akasema wa pili ulikuwa na matangazo tu, yuko nao kwenye simu. Tukaufungua, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ulikuwa na mstari wa kodi ya Washington, iliyokatwa na soko la mtandaoni alikonunulia.

Nilimwelekeza aurudishe ukurasa ule dukani aombe marejesho, kwani aliyekutoza ndiye wa kuanzia, nalo duka litazidai fedha hizo kwa jimbo ndani ya muda wa miaka minne. Duka likikataa au likiwa limefungwa, mnunuzi anaweza kuomba mwenyewe Idara ya Mapato. Mzee akaikunja tena ile ankara mara nne. Nikamwambia, baba, safari hii chapisha kurasa zote mbili.